Arobaini za Kalkulasi

Wiki iliyopita, saa nne usiku, mpwa wangu alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Matokeo yametoka. Kalkulasi nimepenya, 42!" Na vikatuni sita vya kucheza muziki. Nikamjibu marahaba, hongera sana. Kisha nikabaki na simu mkononi. Kulikuwa na jambo nilitaka kumwambia, nikaona nisimharibie usiku wake.

Kwa asiyejua mambo haya, vyuo vyetu vingi hapa Tanzania C inaanzia 40. Ukipata 39 una sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukipata 40 umepita kama aliyepata 49, na usiku huo mnakula chipsi pamoja. Hesabu hiyo ni moja kwa somo lolote, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Ukipata 42 ya Stadi za Maendeleo, kazi imeisha, hakuna atakayekurudisha huko. Kalkulasi, ile hisabati ya mabadiliko, haimwachi mtu hivyo. Zile 58 ulizozikosa hazipotei, zinatangulia mwaka wa pili kukusubiri. Za mwizi arobaini, na sisi arobaini zetu tumeandikiwa kwenye matokeo kabisa.

Nayasema haya kwa sababu mimi nilipenya kwa 43. Nilipenya kwa madesa, yaani majibu yaliyokwisha andaliwa na wengine. Tulikuwa na pasti pepa za miaka sita, tumeshajua swali la nne linatoka nini na la tano linatoka nini, tukameza hatua zote kama aya. Hata herufi hatukubadilisha. Kama desa lilisema t, nasi tuliandika t, hata pale swali lilipokuja na x.

Mwaka wa pili tukaingia Analisisi, somo linalodai uthibitishe yale uliyoyameza kwenye kalkulasi. Wiki ya pili mhadhiri akaandika ubaoni: onyesha kwamba x² ina mwendelezo pale x ni 3. Nikacheka kimoyomoyo. Si unachora tu bila kuinua kalamu? Mzee akasema hapana, chagua epsiloni yoyote kubwa kuliko sifuri, yaani kosa dogo unalokubali kwenye jibu, nitafutie delta, umbali wa x kutoka 3 ambao kosa halitavuka hapo. Akaandika haraka haraka: |x² − 9| = |x − 3||x + 3|. Chini yake: delta iwe ile iliyo ndogo kati ya 1 na epsiloni gawanya kwa 7. Akafuta ubao.

Saba! Saba imetoka wapi? Ukumbi ulikuwa na watu mia na ushei, hakuna aliyenyoosha mkono. Nami nikanakili, nikapigia mstari, nikaimeza usiku. Kwenye tesiti swali likaja lile lile, ila 3 imegeuzwa kuwa 5. Nikaandika 7 kwa mwandiko mzuri kabisa. Nilipewa sifuri.

Aliyeniokoa ni rumeti wangu, saa saba usiku, kwa Kiswahili, akiwa amekaa juu ya ndoo. "Umeamua x isiwe mbali na 3 kwa zaidi ya moja," akasema. "Basi x iko kati ya 2 na 4. Ukijumlisha 3 unapata kati ya 5 na 7. Haiwezi kuvuka 7, kwa hiyo kosa halizidi mara saba ya umbali wa x kutoka 3. Ndiyo hiyo saba yako." Kwa 5 je? x iko kati ya 4 na 6, jumlisha 5, haivuki 11. Ilitakiwa 11. Kwa 100 ingetakiwa 201.

Kilichoniuma ni kwamba hakukuwa na kitu cha chuo kikuu pale. Ni kubwa-kuliko na ndogo-kuliko na vile vijiti viwili vya modulasi, vinavyopima umbali bila kujali alama ya kutoa, mambo ya sekondari. Deni langu lilikuwa la zamani kuliko nilivyodhani, nilikuwa nalihamisha tu kutoka darasa hadi darasa.

Halafu kuna lile la "kila" na "kuna". Kila mtoto ana mama. Kuna mama mmoja aliyewazaa watoto wote. Hakuna Mswahili anayechanganya sentensi hizi mbili. Lakini ziandike kwa alama zile za A iliyopinduliwa (kila) na E iliyogeuzwa (kuna), umpe mtu wa mwaka wa pili, uone anavyozipanga ovyo. Mwendelezo wa kawaida ni kama sentensi ya kwanza: kila mahali pana delta yake. Wiki ya nane tukafika kwenye mwendelezo sare, ambao unadai delta moja itoshe kila mahali, na tukaonyeshwa kwamba x² juu ya namba zote haina sifa hiyo. Nikajicheka. Ile 7 yangu niliyoibeba kutoka kwenye 3 kuipeleka kwenye 5 lilikuwa kosa hilo hilo. Nililifanya wiki kadhaa kabla halijafundishwa.

Sisemi haya mambo ni mepesi. Newton na Leibniz walikuwa wanapiga kalkulasi karne ya 17 bila epsiloni wala delta, na mwaka 1734 Askofu Berkeley aliwashambulia waliofuata njia hiyo kwamba msingi wao hauna mguu. Cauchy alitoa kitabu chake Paris mwaka 1821, Weierstrass akaja kunyoosha maneno baadaye kule Berlin. Wakubwa hao walihitaji zaidi ya miaka mia moja na nusu. Sisi tulipewa wiki mbili na ubao unaofutwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ni kupandisha alama ya kufaulu hadi 60, simuungi mkono. Watu watadisko, yaani watafukuzwa chuo, kwa mafungu na madesa yatanenepa tu. Ninachotaka ni uthibitisho uanze muhula wa kwanza, taratibu, kwenye semina za watu kumi na tano badala ya sitini, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili bila kuonekana mshamba. Na mwenye 42 kwenye somo linalobeba masomo mengine aruhusiwe kulirudia kwa hiari yake. Najua watasema bumu, zile fedha za mkopo wa wanafunzi, halisubiri, wala wazazi. Ni kweli. Lakini keri (somo ulilofeli unalolibeba mwaka unaofuata) moja ya mwaka wa kwanza ni rahisi kuliko tatu za mwaka wa tatu, nami nimewaona wenzangu waliobeba hizo tatu. Wengine leo ni walimu wa hisabati, na wanapofika kwenye modulasi wanaandika jibu ubaoni na kufuta haraka.

Jumapili mpwa wangu alikuja kula pilau. Mama yake alishawatangazia majirani. Nikangoja amalize, nikamsogezea karatasi: x², pale 3. Akaitazama, akacheka. "Mjomba, hii ni ya mwaka wa pili bwana."

"Najua. Jumlisha tu, x ikiwa kati ya 2 na 4."

Akachukua kalamu. Akaandika 5, akasita, akaandika 7, akaizungushia duara. Kisha akauliza kama kuna maandazi. Jumamosi hii anarudi na daftari tupu. Nimemwambia madesa ayaache Mbagala.