Kwa Nini Narudi Darasani Kusomea Usanifu Majengo

Katika ukoo wetu hakuna aliyevaa joho la mahafali kabla yangu. Baba ni fundi wa kujenga hapa Kisumu, na Mama huuza omena, yaani dagaa, sokoni Kibuye. Nilipokamilisha miaka sita ya shahada ya kwanza ya usanifu majengo, wote wawili walitarajia, na walikuwa na haki ya kutarajia, kwamba sasa zamu ya kuwalipia wadogo zangu karo imenifikia mimi. Niliporudi nyumbani na habari kwamba nataka kuendelea na shahada ya uzamili, Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hii shule itakwisha lini?"

Siwezi kumjibu kwa kumwambia kwamba elimu haina mwisho, kwa maana yeye ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri miaka yote hiyo. Wala siwezi kujificha nyuma ya sheria: nchini Kenya, anayetaka kusajiliwa kuwa msanifu majengo hufanya kazi kwanza chini ya waliosajiliwa, kisha hufanya mitihani ya bodi ya usajili, na shahada ya pili si sharti.

Sababu yangu ni chumba. Nimelelewa mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, katika ploti ya vyumba vya kupanga vilivyopangwa kwa safu mbili zilizopeana mgongo, kila chumba na mlango wake na kidirisha upande mmoja tu, paa la mabati, bila dari. Mama alizoea kuweka mshumaa juu ya kabati ili panya wasiufikie. Ikifika saa nane mchana, mshumaa huo ulikuwa umelegea na kuinama, utambi ukitazama sakafu, naye jioni aliunyoosha kwa vidole kabla ya kuuwasha. Usiku watoto walilazwa karibu na mlango ili wapate hewa, ingawa mlango wenyewe ulifungwa kwa komeo kwa hofu ya wezi.

Chuo kilinieleza kwa nini mshumaa uliinama. Kisumu iko jirani kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana halipotei mbali na utosi mwaka mzima, na paa hupokea joto jingi kuliko ukuta wowote. Bati likishapata joto hulishusha joto hilo moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo. Upepo tunao wa kutosha, kwani mchana huvuma kutoka ziwani na usiku hugeuka ukaelekea ziwani, lakini upepo hauingii mahali pasipo na tundu la kutokea. Hayo nilifundishwa vizuri, na walimu wangu nawashukuru. Hata hivyo, michoro niliyopewa alama kwayo ilikuwa ya hoteli, makumbusho na majengo ya ofisi, na katika miaka sita sikuambiwa hata mara moja nichore ploti ya vyumba kumi ambayo mwenyewe anaweza kuimudu na mpangaji akalala usingizi.

Ndiyo maana nasema kwamba uzamili una thamani kwa sisi tuliotangulia katika familia zetu. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hujibu maswali ya mwalimu. Katika ya pili hutakiwa aje na swali lake na kulifanyia utafiti hadi mwisho. Anayeingia bila swali atatoka na cheti tu, na huyo ningemshauri atafute kazi kwanza. Mtoto wa ploti hafiki mikono mitupu.

Msanifu majengo Francis Kéré wa Burkina Faso alikuwa mtoto wa kwanza kupelekwa shule kijijini kwao Gando. Akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, alibuni shule ya msingi ya kijiji hicho, iliyokamilika mwaka 2001: kuta na dari za matofali ya udongo, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari hiyo ili hewa ipite katikati na kuondoka na joto. Mwaka 2022 alipata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mimi navutiwa zaidi na ule mwaka 2001, alipowarudishia watu wa kwao masomo yake kabla hata ya kuhitimu.

Swali langu lina upande wa pili, nao ni maji. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita rekodi ya mwaka 1964, na tuliona nyumba za Dunga, ufukweni hapa Kisumu, zikisimama majini. Chumba cha bei nafuu katika mji huu lazima kipoe na pia kivumilie mafuriko, na mambo hayo mawili yachorwe pamoja.

Kuhusu karo ya wadogo zangu, tumekubaliana kwamba nitafanya kazi ya kuchora mchana na kusoma jioni, hata kama uzamili utachukua muda mrefu zaidi. Mama hajafurahi, ila ameacha kuuliza. Baba aliomba aone mchoro wa paa lililoinuliwa. Aliutandaza mezani, akaweka timazi yake juu ya karatasi isipeperuke, akapitisha kidole kwenye ile nafasi kati ya dari na bati, kisha akaanza kuhesabu mbao zitakazoongezeka kwa kila chumba.