Mkufunzi wa Shabaha Huzeeka Macho Kwanza

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Macho, hata hivyo, yanazeeka, na anayefundisha watu kutumia bastola huligundua hilo mapema. Lenzi ya jicho hukakamaa taratibu, na kuanzia umri wa miaka arobaini hivi vitu vya karibu huanza kuingia ukungu. Kilengeo cha mbele cha bastola, kile kinundu cha kulengea kilicho juu ya mtutu, kiko mwisho wa mkono ulionyooshwa, na polepole ukungu huo hukifikia. Mtu aliyewaambia wanafunzi miaka yote "tazama kilengeo, shabaha iache ififie" anajikuta yeye mwenyewe hawezi tena kuitii amri hiyo.

Mengine hufuata. Mshiko hulegea, vidole huuma wakati wa kukoki, na kipima muda hakimwonei mtu haya: risasi ya kwanza inachelewa kutoka. Baadhi ya haya yana dawa. Kuna miwani inayopimwa kwa umbali wa kilengeo, na kuna kilengeo cha nukta nyekundu, ambacho humwacha mpigaji atazame shabaha tu na kuiona nukta juu yake. Wapo wanaoviona vifaa hivi kama ujanja wa kukwepa kujifunza. Siwaelewi kabisa.

Wala umri haumfungii mtu mlango. Oscar Swahn wa Sweden alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 akiwa na miaka 72. Nino Salukvadze alishinda dhahabu ya bastola Seoul mwaka 1988 akiwakilisha Umoja wa Kisovieti, na mwaka 2024 alikuwa Paris akiiwakilisha Georgia katika Olimpiki yake ya 10. Ila hao hupiga wakiwa wamesimama mahali pamoja. Kuchomoa bastola, kukimbia, kupiga goti na kubadilisha magazini ni kazi nyingine, ndiyo maana mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, huwatengea daraja lao waliovuka miaka 50, na jingine waliovuka 60.

Basi kijana akijiuliza kama mzee aliye mbele yake bado anaweza, ana haki ya kuuliza, na jibu linatakiwa litoke kwenye mtutu. Mkufunzi apige zoezi lile lile analowapa wanafunzi, bila kupasha mkono kwanza, na karatasi yake ibandikwe pamoja na zao. Mwanafunzi akimshinda, vizuri sana, si ndicho alicholipiwa? Ninayemtilia shaka ni yule ambaye hapigi tena mbele ya watu, kila swali analijibu kwa hadithi ya alivyokuwa zamani. Na asiyefikia kiwango anachowadai wanafunzi ili wafaulu, asitoe cheti kwa zoezi hilo.

Mkufunzi akishakifikia kiwango hicho, swali la nani mwepesi zaidi halinisumbui. Ninachokitaka kwa mkufunzi ni kusoma makosa. Mpigaji wa mkono wa kulia ambaye matundu yake yanajazana chini kushoto, mara nyingi anavuta kifyatulio kwa pupa au anajikaza kabla ya mlio. Mkufunzi mzoefu humchanganyia risasi bandia kwenye magazini bila yeye kujua ilipo: ikifika zamu yake, unasikika mgongano mkavu wa chuma tu, na mtutu unaonekana ukiinama wenyewe. Mwanafunzi hahitaji kuelezwa tena. Jicho la kuyaona haya halipungui kwa mwaka mmoja au miwili.

Kinachonitia hofu ni masikio. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, na madhara yake kwa sikio lisilokingwa hayarudi nyuma. Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, kwa hiyo mtu husikia kwamba ameongeleshwa bila kushika alichoambiwa. Sasa mweke huyo nyuma ya mstari wa wapigaji, wote wamevaa vikinga masikio. Mwanafunzi anasema bastola imekwama. Hajibiwi. Anageuka kuuliza tena, na mtutu unageuka naye. Hapo anatakiwa mtu aliyesikia mara ya kwanza, aliyekiona kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio, na ambaye mkono wake unawahi kuushika ule wa mwanafunzi.

Sisi tunahesabu matundu kwenye karatasi, huku uwezo huu haupimwi. Ningependa kila mkufunzi apimwe masikio na macho kila mwaka, na majibu yakianza kuwa mabaya asogee hatua moja nyuma: abaki kufundisha na kusoma makosa, mstari wa wapigaji ausimamie msaidizi mwenye masikio mazima. Msaidizi huyo awe na mamlaka ya kupaza sauti na kusimamisha kila bunduki pale uwanjani, bila kumwomba mzee ruhusa kwanza.