Tenki Lililoondoka Bila Kuaga

Watu wakisikia kwangu hakuna umeme wa gridi wanadhani nimeshindwa kulipa. Wapi! Nguzo ya mwisho iko mbali na kiwanja changu, na kila nikiuliza naambiwa nguzo zangu ziko njiani. Njia gani, sijaambiwa. Nikaamua kujitegemea: paneli mbili za sola juu ya bati, betri ya N200, inveta, mambo yakaenda. Yakabaki maji.

Kwenye maji nilipiga hesabu mpaka mke wangu akawa ananikwepa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati, umepata lita moja. Bati langu ni mita za mraba 60. Singida kwa mwaka tunapata milimita 600 na ushee, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Zidisha mwenyewe: lita 36,000! Hesabu hiyo niliitangaza kwenye daladala, nikaitangaza msibani, nikamtangazia hadi mwenye punda anayetuuzia maji kwa madumu. Huyo hakuona cha kufurahia.

Mwezi wa tisa nikanunua tenki jeusi la lita 2,000, mvua ikija inikute tayari. Fundi akalijengea kitako cha mawe na saruji, tukalipandisha watu wawili bila kutoa jasho, maana likiwa tupu halina uzito wa kutisha. Ikabaki kulifunga kwa waya.

"Waya naleta kesho, bosi."

Anayeijua kesho ya fundi hahitaji maelezo. Asiyeijua ajenge.

Sasa mwezi wa tisa Singida ni upepo. Wataalamu wamekuja miaka nenda rudi kuupima ili uzalishe umeme, na wageni wakija huwa nawasifia kabisa: hapa kwetu upepo upo. Unabeba kofia, unabeba bati, unabeba maneno ya mtu kabla hajayamaliza.

Jumapili moja alasiri niko bafuni. Bafu lenyewe ni la mabua ya mtama, halina paa, na unaoga kwa kopo kutoka nusu ndoo kwa sababu maji ya kununua hayachezewi. Nimeshajipaka povu kuanzia utosini hadi vidoleni, nikasikia kishindo, du! Halafu mngurumo wa kitu kinachozunguka. Mke wangu akaita kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayetaarifu kwamba ugali umeiva:

"Baba, tenki linaondoka."

Nikachungulia juu ya mabua. Limelala ubavu, linabiringika kushuka mteremko polepole, kama mzee anayetoka kikaoni. Nikavuta nguo ya kwanza niliyoiona kwenye kamba, ikawa kanga ya mke wangu. Nikajifunga, nikatoka nduki.

Nilipobakiza hatua chache nilishike, upepo ukalisukuma. Likagonga kichuguu, likaruka, likatua, likapita katikati ya mbuzi wa watu. Mbuzi wakasambaa, kila mmoja na mkoa wake. Mtoto aliyekuwa anawachunga akaparamia mti na kutulia huko juu. Kando ya njia kulikuwa na akina mama wawili wanapepeta alizeti. Walilitazama tenki likipita, wakanitazama na mimi nikipita, kisha nikasikia mmoja akimsomea mwenzake maandishi ya mgongoni kwangu, taratibu, neno kwa neno:

"MTASEMA… MCHANA… USIKU… MTALALA."

Nikaongeza mwendo. Tenki nalo.

Huko chini lilitoboa ua wa minyaa wa mzee mmoja, likaingia uani, likakwama kwenye zizi. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake anamenya karanga. Hakuinuka. Na hapo ndipo malezi mema yanapomtesa mtu, kwa sababu huwezi kuingia kwa mtu mzima ukaanza na habari za tenki.

"Hodi mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, mzee."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo." Povu lilikuwa linakauka, jicho la kushoto halioni tena.

"Mvua bado?"

"Bado, mzee."

Akamenya karanga nyingine, akaitupia mdomoni, akatafuna mpaka ikaisha.

"Mwenzako huyu kaingia bila hodi."

Chini ya tenki tulikuta manyoya. Mzee akasema huyo alikuwa tetea wake anayetaga kila siku, mwaka mzima. Kuku wa kienyeji wa kutaga kila siku mwaka mzima mimi sijapata kumsikia, lakini mwanamume aliyevaa kanga hana pa kuanzia ubishi. Nikakubali kulipa. Wajukuu wake walikuwa wameshaingia ndani ya tenki, wanaitana majina wasikie mwangwi, na kuwatoa kulichukua muda kuliko kesi yenyewe.

Upepo ulipotulia jioni, vijana wanne walilipandisha tenki hadi nyumbani kwa malipo ya soda. Halikuwa na ufa hata mmoja. Mzee alinisindikiza hadi kwenye tundu la ua wake.

"Litie maji, mwanangu. Litatulia."

Ni kweli, lita moja ni kilo moja. Lita 500 ni nusu tani. Ila maji hayo yatoke wapi, na mvua ni Novemba? Nikampigia mwenye punda. Alikuja na madumu 25 ya lita 20 kwa awamu, bei ameshaipandisha, na kicheko chake kilitangulia kufika kabla ya punda.

"Zile lita 36,000," akaniuliza huku anamimina dumu la kwanza, "na hizi zangu umezihesabu?"

Wiki iliyofuata fundi akatokea, waya begani, anapiga mluzi. Akalizunguka tenki, akaligonga kwa kidole, akatega sikio.

"Bosi, humu kuna maji?"

"Yamo."

"Aah, sasa umeharibu. Waya lazima upite chini ya tenki. Hapa itabidi tuyamwage kwanza."

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Fundi akakumbuka kwamba koleo ameliacha nyumbani, atalifuata na kurudi kesho.