Bluu ya kompyuta yangu

Bahari tunayo, anga tunalo. Mkazi wa Tanga nina bluu ya kunitosha. Sasa kompyuta nayo kuniletea yake, hiyo ni ya nini?

Wiki ya tatu hii. Nina kijiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi huku Ngamiani: kompyuta ya mezani moja ya mtumba, printa moja, na feni inayozunguka ikijisikia. Kaja bi mkubwa kuchapiwa barua ya mgogoro wa shamba. Yeye anasema, mimi nachapa. Tumefika pale shemeji yake alipohamisha mpaka wa minazi usiku, pwaa! Bluu. Kakatuni ka uso ulionuna, na maneno kwamba kompyuta imepata tatizo.

"Mwanangu, imekasirikia niliyoyasema?"

"Hapana mama, ndiyo hulka yake."

Tukaanza upya. (Kusevu nilikuwa nasevu, nikikumbuka.) Siku ile shemeji alihamisha mpaka mara tatu, na kila tukirudia bi mkubwa anaongeza ekari.

Ushauri sasa! Muuza kahawa kasema ni virusi. Fundi baiskeli kasema joto, niifungue ubavu ipunge upepo. Jirani kaninong'oneza kuhusu mzee mmoja wa Pongwe. Nikaita fundi kompyuta, hata hakuiuliza inaumwa nini: "Hii tunapiga Windows." Kwao kila ugonjwa dawa ni kupiga Windows, yaani kuifuta kompyuta na kuiwekea mfumo wake upya. Elfu ishirini ikanitoka, mafaili ya wateja yakaenda na maji, na keshoye saa nne asubuhi, bluu ile ile, mpya kabisa.

Hapo ndipo nilipoacha kuitukana nikaisoma. Kumbe chini kule huwa inaandika kosa lenyewe. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Shahidi anayebadilisha maelezo kila akiitwa, mpime kumbukumbu. Nikaishuku RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya kompyuta.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua. Vumbi humo la kuoteshea mchicha! RAM zipo mbili, gigabaiti nne nne, meno yake ya dhahabu yamefubaa. Unyevu wa pwani huu hauchagui cha kukichafua. Nikayasugua taratibu kwa raba ya penseli ya mwanangu, nikachomeka moja tu. Kutwa nzima, kimya. Nikaitoa, nikaweka ya pili kwenye tundu lile lile, maana ningebadili na tundu nisingejua mwenye kosa nani. Nusu saa haikufika, uso umenuna. Nikapiga ukelele mpaka muuza kahawa akaja mbio: mchawi kapatikana, na si wa Pongwe!

Sasa natembelea gigabaiti nne. Ukifungua barua na intaneti kwa pamoja, unakwenda kunywa kahawa, unasikiliza habari za mpira, unarudi, bado inafikiri. Na nasikia Microsoft mwaka 2025 wameigeuza skrini ile kuwa nyeusi. Hiyo isifike kwangu. Bluu mteja hudhani ni mapambo. Nyeusi atatoa pole.

Kilichobaki ni kesi ya raba. Imebaki kipande cha ukubwa wa punje ya kunde, cheusi tii, na mwenyewe ana mtihani. Kasimama mlangoni na mama yake. Nyuma yao namwona bi mkubwa, kashika karatasi, na leo kaja na shahidi wa zile ekari.