Pushi stati kwenye dizeli ya zamani, mi naipinga

Siku hizi fundi umeme wa magari asiyeuza pushi stati, kile kitufe cha kuwashia gari bila kuzungusha ufunguo, ni wa kutafuta. Anakufungia kwenye gari yoyote ile, Hilux ya mwaka 1998, Prado ya injini ya 1KZ, Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, anang'oa swichi ya ufunguo anaweka kitufe chenye taa ya bluu, anapiga video na muziki juu, watu wanajaa kuulizia bei. Kwa gari ya petroli nina maneno machache tu, lakini kwa dizeli mi naipinga kabisa, na sababu ni kwamba wengi wanaofunga hiki kitu hawajawahi kuelezwa kitufe cha kiwandani kinafanya kazi gani pale unapokibonyeza.

Tuanze na injini yenyewe. Dizeli haina plagi za kupiga cheche. Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka inapata moto wa kupita nyuzi joto 500, ndo nozeli inanyunyiza mafuta na yanajiwakia yenyewe. Hiyo 1HZ inabana hewa zaidi ya mara 22, na ndo maana stata yake ni dude zito na betri yake siyo ya kitoto. Sasa asubuhi injini imelala na baridi, chuma kinalinyonya lile joto lote, hewa haifiki kwenye moto unaotakiwa, kwa hiyo wakaweka hita plagi, kijiti kimoja kwa kila silinda, kinapashwa na umeme wa betri mpaka ncha inakuwa nyekundu. Waliokulia kwenye dizeli za ufunguo wanakijua kile kitaa cha njano chenye alama ya waya uliojikunja: unazungusha ufunguo mpaka ON, unatulia, kitaa kikizima ndo unapiga stata. Hakuna aliyekuwa anafikiria, ni mazoea, mkono wenyewe unajua kusubiri.

Kitufe cha kiwandani kinasubiri kwa niaba yako. Chukua Prado ya injini ya 1GD, ile ya lita 2.8 iliyoingia mwaka 2015. Umekaa, remoti iko mfukoni, umekanyaga breki. Antena zilizofichwa humo ndani zinatuma mawimbi ya masafa ya chini, kilohezi 125 au 134 hivi, na mawimbi hayo hayafiki mbali, wameyachagua makusudi ili gari ijue remoti iko ndani na haijabaki mezani sebuleni. Remoti inajibu kwa masafa ya juu, karibu megahezi 315 kwa gari za soko la Japan na 433 kwa za Ulaya, na lile jibu limefichwa kwa hesabu inayobadilika kila mara, ukilirekodi leo kesho halifai. Jibu likikubalika unasikia klak kwenye shingo ya usukani, hiyo ni loki inaachia. Halafu kompyuta ya injini inaangalia sensa ya joto la maji. Injini ni ya moto, stata inapiga hapo hapo. Injini ni ya baridi, inawasha hita plagi kwanza na stata haiendi hata ukibonyeza kwa hasira. Hita zikimaliza ndo rilei ya stata, ile swichi ya umeme inayoiamsha, inaitwa, huku kompyuta inasubiri presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba linalozigawia nozeli mafuta, ipande ifike mamia ya ba (kipimo cha presha) kabla haijaruhusu nozeli kufunguka, inahesabu mizunguko, ikiona injini imeshika yenyewe inakata stata. Wewe uligusa mara moja ukaachia.

Yaani unapobonyeza unatuma ombi, anayeamua ni kompyuta. Hilo ndo watu hawalishiki. Nenda Njombe au Makete mwezi wa saba alfajiri, dereva wa Dar anabonyeza, gari inakaa kimya kidogo, yeye anaona imegoma, anabonyeza tena na tena, kumbe alitakiwa atulie aangalie taa. Ukitaka uhakika, bonyeza bila kukanyaga breki mpaka dashibodi yote iwake, subiri kitaa cha hita kizime, halafu kanyaga breki ubonyeze. Na nyie wa Dar, Tanga na Mombasa mjue kitu kimoja, dizeli za kisasa kwa joto lenu zinaweza kuwaka hata hita plagi zikiwa zimekufa zote, kwa hiyo mtu anakaa na ubovu muda mrefu hajui, anakuja kuujua Makambako saa kumi na moja alfajiri akiwa na familia kwenye gari.

Sasa rudi kwenye ile ya kufungiwa na fundi. Ukilifungua boksi lake humo kuna sakiti moja, rilei kadhaa, antena moja, basi. Halijui kama gari yako inatumia petroli au dizeli. Halina waya unaokwenda kwenye sensa ya joto la maji, halijui presha ya mafuta, na mengi ya bei rahisi yanapiga stata kwa sekunde zilizopangwa tu, injini ishike isishike. Linaona breki imekanyagwa, linaona kitufe, linazungusha. Na hizi injini za zamani, 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1HZ, ndo zinazoitegemea hita kuliko zote, maana mafuta yanawakia kwenye kachumba ka pembeni kabla moto haujaingia kwenye silinda, na hako kachumba ka chuma kakiwa na baridi kanaiba joto vibaya sana. Matokeo yake ni moshi mweupe, betri inaanza kulia, stata inachoka, na mwenye gari anaambiwa injini imeisha wakati injini haina kosa lolote, imenyimwa sekunde zake za kupasha. Kuna maboksi yenye waya wa kuchelewesha stata kwa ajili ya dizeli, lakini ni mpaka fundi aujue na auunge, na wengi nilioona kazi zao huo waya wameukata na kuufunga tepu.

Jirani yangu ana Prado ya dizeli ya D4D iliyokuja na ufunguo wenye chipu. Kafungiwa kitufe, kapendeza nacho. Tulipoifungua ile plastiki ya chini ya usukani tukakuta kichwa cha ufunguo wake wa orijino kimekatwa na kufungwa kwa tepu nyeusi pembeni ya koili ya swichi, chipu ikiwa ndani. Ndo ujanja wenyewe huo, imobilaiza, ile kinga ya wizi ya kiwandani isiyoruhusu injini iwake bila chipu, inaisoma chipu masaa yote, inaamini mwenye gari yupo siku zote. Mwizi akivunja kioo, kinga aliyoiweka Toyota haipo tena, kimebaki kiboksi cha fundi na nyaya zake zinaning'inia. Na pini ya loki ya usukani imeng'olewa, ilibidi, kwa sababu ingebaki ingeweza kujifunga gari ikiwa inatembea. Amelipa hela ili gari yake iibiwe kirahisi zaidi, na kwakweli iliniuma, maana mtu mwenyewe ameihangaikia ile gari.

Sisemi za kiwandani hazina shida. Kuna wizi wa watu wawili, mmoja anasimama na kifaa karibu na mlango wa nyumba kunasa mawimbi ya remoti, mwenzake yuko kwenye gari na kifaa kingine, gari inadhani remoti ipo ndani. Weka remoti kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na mlango. Na ile ya kumshusha mzee stendi ya Magufuli pale Mbezi akaondoka na remoti mfukoni mwake, gari inapiga alamu lakini haizimi, inaendelea kutembea, ukija kuizima sheli ndo mwisho, haiwaki tena na mzee yuko Chalinze. Remoti ikiisha betri usipanike, kwenye Toyota unaigusisha kwenye kitufe inasomwa ile chipu isiyohitaji betri, na kiufunguo cha chuma kimo ndani ya remoti kwa ajili ya mlango. Kwenye maboksi mengi ya bei rahisi njia hiyo haipo, betri ikiisha umeisha.

Kinachonitisha kuliko vyote ni kuzima. Agosti 2009 kule karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350, gari ya kampuni hiyo hiyo ya Toyota, ilikimbia baada ya zulia kukandamiza pedali ya mafuta, watu wanne wakafa, na kitufe cha ile gari kilitaka kishikiliwe sekunde tatu ndo injini ikatike, kitu ambacho mtu kwenye taharuki hawezi kukibahatisha. Ndo maana Toyota nyingi za baadaye ukibonyeza haraka haraka mara tatu au zaidi inakubali kuzima. Wale wahandisi wanaumiza kichwa lini gari inayotembea ikubali kuzimwa na lini ikatae mguso wa bahati mbaya. Boksi la fundi haliwazi hayo. Mengine mguso mmoja tu injini inakatika, mtoto ananyoosha mkono mnashuka mlima Kitonga na lori liko nyuma. Na dizeli ikizima haina vakyumu ya breki, yaani ule mfyonzo wa hewa unaolainisha pedali, maana pampu yake inazungushwa na injini, unabaki na akiba ya kukanyaga mara chache halafu pedali inakuwa ngumu na usukani nao mzito.

Kama umeshafunga, nakuomba rudi kwa fundi umwambie auunge ule waya wa kuchelewesha stata, au akuwekee swichi ya pembeni ya hita uwe unapasha mwenyewe. Mpelekee mtaalamu wa funguo ile chipu akutengenezee ufunguo mwingine, hiyo iliyofungwa tepu itoke humo. Jaribu pia kukigusa kitufe injini inaunguruma ukiwa umepaki sehemu tambarare, ikizima kwa mguso mmoja usiende nayo safari ya milimani. Na swichi ya zamani ya ufunguo usimwachie fundi, idai, kaiweke ndani, utaihitaji.