Risiti za mama mdogo

Juzi mama mdogo alikuja kwangu Nkuhungu na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa iliyochanika kwenye mikunjo, basi. Nikamuuliza risiti za matibabu, maana tunataka kuidai hospitali fidia. "Mwanangu, zile niliwashia jiko."

Alijifungua kwa upasuaji. Tumbo likamuuma wiki nzima nzima, akarudi mara mbili, akaambiwa mshono utapona. Hospitali nyingine ilipomfungua ikakuta kitambaa cha upasuaji kimesahauliwa ndani. Wazee wakasema tumwachie Mungu. Sasa madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na kwake imebaki miezi mitano. Hospitali ni ya serikali, kwa hiyo lazima kwanza atoe notisi ya siku 90 kwamba anakusudia kushtaki, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo shauri lifunguliwe Mahakama Kuu.

Wapo wanaodhani ukilalamika Baraza la Madaktari Tanganyika umeshafungua kesi. Baraza linaweza kumwadhibu daktari, hata kumfuta kwenye rejista. Fidia inadaiwa mahakamani, na huko mzigo wa kuthibitisha ni wa mgonjwa: daktari alikuwa na wajibu kwake, alifanya chini ya kiwango cha daktari makini, na madhara yametokana na hilo. Hili la mwisho ndilo gumu, maana mtu alienda hospitali akiwa tayari anaumwa. Kwa kawaida utahitaji daktari mwingine akubali kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Kwa kitambaa afadhali kidogo, mahakama inaweza kuona uzembe kwenye tukio lenyewe. Hakikuingia tumboni chenyewe.

Mwaka 2007 nchi nzima ilishtuka Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilipobadilisha wagonjwa wawili, wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Lile kosa kila mtu aliliona. La mama mdogo limeandikwa kwenye faili, na faili liko kabatini kwa huyo huyo anayedaiwa. Hapo ndipo roho inaniuma. Naamini kila mgonjwa aliyepasuliwa angepaswa kuondoka wodini na nakala ya maelezo ya upasuaji wake, bila kuomba, bila kubembeleza.

Na zile risiti? Maumivu jaji atayapima kwa busara yake, lakini gharama za dawa na nauli za kutoka Kongwa lazima zithibitishwe moja moja. Zimeshakuwa majivu.

Jumatatu tunaanza kwa msaidizi wa kisheria, hatozi hela. Kisha tunapeleka barua ya kuomba nakala ya faili, na nakala yetu ya barua haitoki pale dirishani bila mhuri wa kupokelewa. Mama mdogo ameshaniagiza bahasha ngumu.