Gurudumu la Kusukwa, Fundi wa Mtaani na Ubishi Wetu wa Gramu

Nina ubishi wa muda mrefu na wenzangu tunaoendesha nao baiskeli za milimani hapa Arusha. Mtu akishika hela kidogo, cha kwanza anachotamani ni magurudumu mepesi ya kiwandani: rimu ya kaboni, spoki chache zisizo na kona, stika kubwa. Yanafika, yanapigwa picha, yanasifiwa. Kisha spoki moja inakatika huko nyuma ya Monduli, na inagundulika kwamba ni ya urefu na umbo ambalo hakuna duka mjini linaliuza. Baiskeli ya mamilioni inakaa ukutani ikisubiri kijiti cha chuma.

Mimi nasema, kwa njia zetu hizi, gurudumu la maana ni la kusukwa kwa mkono, vipuri umechagua mwenyewe, na unapochagua usianze na mizani. Anza kwa kujiuliza: likiharibika leo asubuhi, fundi wa mtaani ataweza kulirudisha njiani kabla ya jioni?

Ukishajiuliza hivyo, mambo mengi yanajipanga. Spoki ziwe zile za kawaida zenye kona kichwani, maana ndizo kila fundi anazozijua na ndizo zinazoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) za kawaida. Ziwe 32 kila gurudumu, kila moja ikipishana na nyingine tatu. Zikiwa 32, moja ikikatika unalegeza za jirani kidogo na unafika nyumbani. Kwenye gurudumu la 24, moja ikiondoka tu rimu inaanza kugusa fremu. Nati za spoki ziwe za shaba ya njano, si za alumini. Za alumini ni nyepesi, kweli, lakini baada ya masika kadhaa zinang'ang'ania kwenye uzi wa spoki, na ukizigeuza zinaparuka kona. Kwa magurudumu mawili, tofauti ya uzito haifiki hata gramu 50. Na hizo spoki za ziada unazoogopa, ukitoka 28 kwenda 32 kila gurudumu, pamoja na nati zake, hazifiki gramu 100. Chupa ya maji uliyoibeba imejaa ina uzito wa zaidi ya mara tano ya hapo.

Kwenye habu, pima kabla ya kulipa. Baiskeli nyingi za mtumba zinazotufikia zina nafasi ya nyuma, pale habu inapokaa kwenye fremu, ya milimita 135 na ekseli ya kufunga kwa mkono. Za baadaye zikaja 142, na za siku hizi 148, ile wanayoiita Boost, ambayo mbele yake ni 110. Haziingiliani kwa kulazimisha. Angalia pia kaseti yako, yaani meno ya gia za nyuma, inakaa kwenye mwili wa habu wa aina gani: HG ya zamani ya Shimano, Micro Spline ya Shimano hao hao, au XD ya kampuni ya SRAM. Ningekuwa mimi, ningebaki na HG mpaka inizike, kwa sababu kaseti zake ndizo zinazopatikana kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wenzangu wanapodharau watu wasiostahili kudharauliwa. Wanasema kusuka gurudumu ni kazi ya maabara, fundi wa chini ya mti hawezi. Lakini fundi huyo amekuwa akisuka magurudumu ya baiskeli za mizigo miaka yote. Zile baiskeli kubwa za mtindo wa Kiingereza, zinazobeba magunia ya mkaa na kreti za soda, kwa desturi zilikuja na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Mtu anayezisuka 40 kwa kichwa, akipiga soga, baiskeli ikiwa imepinduliwa na kipande cha kijiti kikiwa kimefungwa kwenye uma kumwonyesha rimu inapoyumba, huyo hana cha kujifunza kuhusu mpangilio wa spoki.

Anachohitaji kuongezewa ni vitu viwili. Cha kwanza ni breki ya diski. Gurudumu la mbele la breki za zamani lilikuwa sawa pande zote mbili, spoki za urefu mmoja. Diski ikiingia upande wa kushoto, ukingo wa habu upande huo unasogezwa ndani, kwa hiyo spoki za kushoto zinasimama wima zaidi na zinabeba mkazo mkubwa kuliko za kulia. Mara nyingi hata urefu unatofautiana kwa milimita moja au mbili. Tena breki ya diski inafunga habu, si rimu, kwa hiyo nguvu yote ya kusimamisha inapita kwenye spoki. Ndiyo maana gurudumu la diski halisukwi kwa spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka katikati, lazima zipishane.

Cha pili ni mkazo, na hapa nataka nikae kidogo. Mafundi wengi huishia pale rimu inapozunguka bila kuyumba. Lakini rimu inaweza kuzunguka sawasawa kabisa huku spoki moja imekazwa kama waya wa gitaa na jirani yake imelegea. Zinasahihishana makosa tu. Gurudumu hilo litakaa wiki chache. Kila linapozunguka, spoki zinazopita chini, kati ya habu na ardhi, hupungukiwa mkazo, kisha huurudisha zikipanda juu. Iliyokazwa vizuri inapungua bila kulegea kabisa. Iliyolegea tangu mwanzo inalegea na kushtuka, inalegea na kushtuka, maelfu ya mara, mpaka inakatika pale kwenye kona kichwani. Watu husema spoki imekatika kwa sababu ilikazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake.

Fundi mzoefu anagonga spoki na kusikiliza mlio, na sikio lake linafika mbali katika kulinganisha spoki za upande mmoja. Lisichoweza kumwambia ni kiasi chenyewe. Rimu nyingi za milimani zinataka mkazo wa juu wa kama kilo 120, na kila mtengenezaji anaandika kikomo chake. Kwa hiyo kikundi chetu kilipokuwa kinachanga fedha za jezi mpya, mimi nilitaka zinunue kipimo cha mkazo kama TM-1 ya Park Tool, tukiache kwa fundi, kila mtu akakitumie huko. Nilishindwa kura. Jezi ni nzuri, sikatai.

Kabla ya kumaliza, zishike spoki mbili mbili na kuzibana kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote, zijikalishe kwenye habu, kisha urudie kunyoosha. Hatua hii huchukua dakika chache na watu huiruka. Utepe wa ndani ya rimu na dawa ya kuziba matundu sina haja ya kuvitetea. Aliyewahi kupita kwenye miiba ya migunga ya Longido ameshashawishika.

Wenye baiskeli za inchi 26 wananiuliza kama inafaa kusuka upya. Kama fremu ni nzima na inakutosha, inafaa, ila nunua rimu mbili za akiba ukizikuta za maana, kwa sababu watengenezaji wengi wamehamia 27.5 na 29. Na fundi alipwe bei ya kazi ya nusu siku, si ya kuziba pancha.